Kuchagua multimita kwa kazi za elektroniki na umeme wa majengo

Multimita ni chombo cha mkononi kinachopima volteji, mkondo na ukinzani kwa waya mbili, mmoja mwekundu na mwingine mweusi. Zamani fundi alibeba chombo tofauti kwa kila kipimo. Donald Macadie, mhandisi wa Posta ya Uingereza katika enzi ambayo posta ndiyo iliyosimamia pia simu, hutajwa kuwa ndiye aliyevikusanya vyombo hivyo katika kasha moja. Mita yake iliingia sokoni mwaka 1923 kwa jina la AVO, yaani ampea, volti na omu. Vipimo hivyo vitatu bado ndivyo kiini cha kila multimita. Kapasita, masafa, joto, transista na taa ya tochi mgongoni ni nyongeza, na dukani nyongeza hizo ndizo zinazowekwa mbele ya macho ya mnunuzi.

Swali la kwanza la mnunuzi lihusu mahali ambapo ncha za mita zitagusa. Ubao wa simu unaotumia volti 4, soketi ya ukutani, meni swichi ya kiwanda na paneli za sola juu ya bati ni mazingira manne tofauti. Mita inayomfaa sana fundi wa mazingira ya kwanza inaweza kumpasukia mkononi fundi wa mazingira ya tatu.

Daraja la usalama

Kwenye uso wa mita, karibu na matundu ya waya, huandikwa herufi CAT, namba ya Kirumi na idadi ya volti, kwa mfano CAT III 600V. Alama hii inatokana na kiwango cha kimataifa cha IEC 61010, na inaeleza mita imejengwa kustahimili misukosuko ya umeme wa sehemu gani ya mfumo. CAT II ni kwa vyombo vinavyochomekwa kwenye soketi: pasi, friji, televisheni. CAT III ni kwa umeme uliotandazwa ndani ya jengo: meni swichi, kibao cha saketi breka, mota zilizofungwa mahali pamoja, mashine za kusaga za fezi tatu. CAT IV ni kwa chanzo chenyewe: waya unaoshuka kutoka nguzoni, mita ya LUKU, na kila kilicho kabla ya meni swichi.

Volteji ya kawaida haitoshi kueleza hatari iliyopo. Umeme wa njia moja Tanzania ni volti 230 na wa fezi tatu ni volti 400. Kenya ni 240 na 415. Lakini radi ikipiga karibu na laini, au mota kubwa ikizimwa ghafla, volteji huruka kwa sehemu ndogo sana ya sekunde hadi maelfu ya volti. Iwapo wakati huo ncha za mita ziko kwenye waya, cheche inaweza kuvuka ndani ya kasha. Cheche hiyo ikishafungua njia, umeme wa kawaida huifuata, na kasha hujaa moto na chuma kilichoyeyuka. Ndiyo maana mita hujaribiwa kwa mipigo ya namna hiyo kabla ya kupewa daraja.

Hapa wanunuzi wengi hudanganywa na ukubwa wa namba. Mita ya CAT II 1000V huonekana bora kuliko ya CAT III 600V kwa kuwa 1000 ni kubwa kuliko 600. Zote mbili hujaribiwa kwa mpigo wa volti 6,000. Tofauti ni kwamba katika jaribio la CAT II mpigo hupitishwa kwenye ukinzani wa omu 12, na katika CAT III kwenye omu 2 tu. Ukigawanya, mpigo wa kwanza unaweza kusukuma ampea 500, na wa pili ampea 3,000. Kwa hiyo namba ya Kirumi isomwe kwanza, volti zifuate.

Fundi anayefunga na kukarabati umeme wa majumbani asinunue chini ya CAT III 600V. Anayegusa waya za kabla ya meni swichi anahitaji CAT IV 600V. Fundi simu anaweza kufanya kazi miaka mingi na mita ya daraja la chini, mradi ncha zake zisikaribie umeme wa ukutani. Sharti hilo ni gumu kuliko linavyosikika. Ndani ya chaja, televisheni na pawa saplai za kompyuta, umeme wa volti 230 hubadilishwa kwanza kuwa DC ya volti 325 hivi na kuhifadhiwa kwenye kapasita kubwa. Fundi anayefungua vifaa hivyo ameshaingia katika umeme wa jengo, hata kama meza yake imejaa simu tupu.

Sola inahitaji tahadhari ya peke yake. Paneli moja kubwa ya siku hizi hutoa volti 40 hadi 50 ikiwa haijaunganishwa na kitu. Kumi zikiungwa mfululizo hufikisha volti 400 au 500 za DC. Cheche ya AC hupata nafasi ya kufa kila mkondo unapopita sifuri, mara 100 kwa sekunde katika umeme wa hezi 50. Cheche ya DC haina nafasi hiyo, huendelea kuwaka. Kwa mifumo kama hii mita iwe na uwezo wa volti 1000 DC, na waya zake za kupimia vivyo hivyo.

Fyuzi na tundu la ampea

Sehemu inayosababisha ajali mbaya zaidi za multimita ni tundu la ampea. Ili kupima mkondo, mita hujiweka katikati ya njia ya umeme, na ukinzani wake kati ya tundu hilo na tundu la COM ni mdogo sana, karibu na kipande cha waya mtupu. Fundi akipima ampea, kisha akasahau waya mwekundu kwenye tundu hilo na kwenda kupima soketi, amepiga shoti kwa mikono yake miwili. Kilichobaki kati yake na mlipuko ni fyuzi.

Mita ndogo za njano za aina ya DT-830, zinazouzwa karibu kila duka la vifaa vya umeme, mara nyingi hazina fyuzi kabisa kwenye tundu la ampea 10. Jambo hilo halifichwi: kwenye uso wake limeandikwa neno UNFUSED, maana yake tundu hilo halina kinga. Nyingine zina fyuzi ya kioo ya milimita 5 kwa 20. Fyuzi ya kioo ya kawaida imetengenezwa kukata mkondo usiozidi ampea 35, au mara 10 ya namba yake ikiwa hesabu hiyo ni kubwa zaidi. Shoti ya karibu na transfoma inaweza kufikisha maelfu ya ampea. Katika hali hiyo kioo hupasuka, mvuke wa waya uliomo hugeuka njia mpya, na umeme huendelea kupita.

Fyuzi inayofaa ni ya kauri, ndefu na nene, iliyojazwa mchanga. Mchanga huyeyuka na kuzima cheche ndani yake. Pembeni huandikwa volti 600 au 1000 na uwezo wa kukata ampea 10,000 au zaidi. Ni ghali, na bei yake peke yake inaweza kuzidi bei ya mita nzima ya njano. Kwa sababu hiyo ni kipimo kizuri cha uaminifu wa mtengenezaji: mita iliyoandikwa CAT III 600V lakini ndani ina fyuzi ndogo ya kioo ya volti 250 imepewa daraja lisilo lake.

Ipo njia nyingine, na kwa fundi wa umeme wa majengo ndiyo bora: kununua mita isiyo na tundu la ampea kabisa. Fluke 101 imejengwa hivyo. Mkondo hupimwa kwa mita ya koleo, inayobana waya kwa nje bila kukata kitu. Koleo hubana waya mmoja tu. Likibana laini na nyutro pamoja, mikondo miwili hufutana na kioo huonyesha sifuri. Makoleo ya bei ya chini hufanya kazi kwa kanuni ya transfoma, hivyo hupima AC pekee. Anayefanya kazi za sola na betri atafute lenye kipima usumaku, lililoandikwa DC A waziwazi, kwani alama ya DC V peke yake inahusu waya za kupimia, si koleo.

Waya za kupimia zina daraja lake pia. Mita ya CAT III yenye waya za mtumba imeshuka hadi daraja la waya hizo. Zinazofaa zina plagi zilizofunikwa plastiki hadi mwisho, kingo ya vidole, na vifuniko vinavyoacha milimita chache tu za chuma wazi ili ncha isiunganishe nati mbili za kibao kwa bahati mbaya. Waya wa silikoni ni laini na hauungui kirahisi ukigusana na chuma cha kulehemu.

Usahihi na idadi ya hesabu

Mita za kidijitali hutajwa kwa idadi ya hesabu: 2000, 4000, 6000, 20,000. Namba hii inaeleza kioo kinaweza kuhesabu hadi wapi kabla ya kupoteza tarakimu. Mita ya 2000 huishia 1999. Betri ya simu iliyojaa, yenye volti 4.2, huonekana humo kama 4.20, kwenye mita ya 6000 huonekana 4.200. Umeme wa nyumbani kwenye mita ya kwanza ni 230 bila nukta, na kwenye ya pili ni 230.4. Fundi umeme anatosheka na 2000. Fundi elektroniki ananufaika sana na 6000, na kuzidi hapo ni kwa maabara na wanaosanifu saketi.

Tarakimu nyingi si sawa na usahihi. Usahihi huandikwa kwenye kijitabu kwa asilimia pamoja na tarakimu za mwisho. Mita yenye kosa la asilimia 0.5 na tarakimu 2, ikipima betri ya volti 12.00, inaweza kupotoka kwa volti 0.08. Yenye kosa la asilimia 1 na tarakimu 5 inaweza kupotoka kwa 0.17. Kwa betri ya gari au ya sola ya asidi, tofauti kati ya iliyojaa, volti 12.7 hivi, na iliyobaki nusu, 12.2 hivi, ni nusu volti tu. Mita ya pili inaweza kula theluthi ya tofauti hiyo. Fundi wa betri asome kipengele cha DC kwenye kijitabu kabla ya kulipa.

Thamani fanisi ya kweli

Maandishi TRUE RMS yamekuwa na uzito mkubwa Afrika Mashariki tangu inveta zilipoenea. Umeme wa gridi hupanda na kushuka kwa wimbi laini. Mita za kawaida hupima wastani wa wimbi hilo, huzidisha kwa 1.11, na jibu hutoka sahihi kwa sababu kizidisho hicho kimetayarishwa kwa wimbi laini pekee. Inveta za bei nafuu hutoa wimbi la ngazi: volteji hupanda ghafla, hukaa, hushuka hadi sifuri, hukaa, kisha hurudia upande wa pili. Wimbi la namna hiyo lenye kilele cha volti 325, linalokaa juu nusu ya muda na kwenye sifuri nusu nyingine, lina nguvu sawa na volti 230. Mita ya wastani italisoma volti 180 hivi. Fundi atasema inveta imechoka, mteja ataingia gharama, na inveta ni nzima.

Tatizo hilo lipo pia kwenye mkondo. Taa za LED, chaja na televisheni hazivuti umeme mfululizo. Huvuta kwa mafungu mafupi kwenye kilele cha wimbi. Koleo la wastani linaweza kupunguza kipimo cha mkondo wa aina hiyo kwa hadi asilimia 40, na waya ukachaguliwa mwembamba kuliko inavyotakiwa. Kwa anayefanya kazi na inveta, jenereta ndogo au majengo yaliyojaa vifaa hivyo, thamani fanisi ya kweli ni sharti. Kwa fundi redio anayepima DC karibu muda wote, fedha hiyo ielekezwe kwenye usahihi.

Ukinzani wa mita yenyewe

Mita ikigusa saketi inakuwa sehemu ya saketi hiyo. Tuseme resista mbili za megaomu 1 zimeungwa mfululizo kwenye volti 10. Katikati yake pana volti 5. Mita ya kidijitali yenye ukinzani wa megaomu 10 itasoma 4.76. Mita ya mshale yenye kiloomu 20 kwa kila volti, ikiwekwa kwenye kipimo cha volti 10, ina kiloomu 200 tu, na itasoma 1.43. Saketi haina kosa. Mita imeivuta chini. Kwa elektroniki, megaomu 10 ndiyo hitaji la msingi.

Ukinzani huo mkubwa humsumbua fundi wa majengo. Waya uliokatwa, ukilala ndani ya bomba moja na waya wenye umeme, hupata volteji hafifu isiyo na nguvu, na mita huonyesha volti 40, 60 au 90 mahali pasipo na umeme wa kutumika. Baadhi ya mita zina kituo kilichoandikwa LoZ, chenye ukinzani wa kiloomu chache. Volteji ya uongo ikiguswa na ukinzani huo huporomoka, ya kweli hubaki. Kwa wanaotafuta hitilafu katika nyumba zenye nyaya za zamani, kituo hicho kina thamani kuliko nyongeza nyingine yoyote.

Mita ya mshale haijafa. Mshale unaopepesuka huonyesha muungo uliolegea au kapasita inayochaji kwa namna ambayo tarakimu zinazorukaruka haziwezi. Anayeinunua ajue kwamba katika nyingi za muundo wa Kijapani, kwenye kipimo cha omu, waya mweusi ndio wenye chanya ya betri. Kipimo cha dayodi huonekana kinyume kwa asiyelijua hilo.

Vituo vinavyotofautisha kazi

Mlio wa mwendelezo uwe wa papo hapo. Mita inayochelewa hata nusu sekunde humchosha fundi anayefuatilia njia za ubao, kwani ncha huwa zimeshahama kabla mlio haujatoka. Kituo cha dayodi kinategemea volteji inayotolewa na mita. Dayodi ya silikoni huhitaji kati ya 0.5 na 0.7, lakini LED nyeupe huhitaji karibu volti 3. Mita inayotoa volti 2.5 haitaiwasha, na fundi televisheni anayepima taa za nyuma ya kioo ataitupa LED nzima kama mbovu.

Kipimo cha kapasita kinamfaa kila fundi. Feni za dari hutumia kapasita ya mikrofaradi chache, na inapopungua feni huzunguka polepole au hukataa kuanza. Pawa saplai hutumia za mikrofaradi mia kadhaa hadi maelfu, kwa hiyo mita inayoishia mikrofaradi 100 ni ya feni na mota tu. Kapasita iliyokauka inaweza kuonyesha mikrofaradi sahihi huku ukinzani wake wa ndani umepanda. Multimita ya kawaida hailioni hilo.

Kutambua umeme bila kugusa ni kidokezo tu. Kukaa kimya kwa kituo hicho si uthibitisho kwamba waya hauna umeme. Uthibitisho ni kupima kwa ncha: kwanza mahali panapojulikana kuwa na umeme, kisha waya unaohusika, kisha kurudi mahali pa kwanza ili kuhakikisha mita haikufa katikati ya kazi.

Mita inayojichagulia kipimo humwokoa anayeanza, kwa kuwa kosa la kuchagua kipimo kidogo halitokei. Huchelewa kidogo kutulia, na wazoefu hupenda iwe na kitufe cha kuishikilia kwenye kipimo kimoja.

Dukani

Kariakoo, Luthuli Avenue ya Nairobi na masoko mengine makubwa huuza mita halisi na za bandia kwenye rafu moja. Alama ya CE peke yake haithibitishi upimaji huru, kwani mtengenezaji hujitangazia mwenyewe. Alama za UL, CSA au TÜV hutolewa na taasisi zinazopima, na huwa na namba inayoweza kutafutwa kwenye orodha za taasisi hizo. Neno CAT lililochapwa bila namba ya Kirumi au bila volti halina maana.

Majaribio ya dakika chache yanatosha kukataa mita mbaya. Ncha zikigusanishwa kwenye kipimo cha omu zisome kati ya 0.1 na 0.3 na zitulie. Zikicheza, waya au matundu ni duni. Swichi ya kuzungusha ibofye kwa uhakika, na namba zisiruke ikitikiswa. Betri mpya ya redio isome kati ya volti 1.5 na 1.6. Soketi ya duka isomwe na mita inayonunuliwa pamoja na nyingine inayoaminika. Muuzaji akiruhusu, mfuniko wa nyuma ufunguliwe ili fyuzi zionekane kwa macho.

Kwa bajeti ndogo, mpango unaofaa kwa mengi ni mita mbili: ya kidijitali ya hesabu 6000 yenye CAT III 600V na megaomu 10, na koleo la thamani fanisi ya kweli linalopima DC ikiwa kazi za sola zipo. UNI-T ya China ina matoleo ya bei ya kati. Brymen ya Taiwan, pamoja na Sanwa, Hioki na Kyoritsu za Japani, ni za ngazi ya juu zaidi, na Fluke ya Marekani hugharimu zaidi lakini hudumu. Mita ya njano ibaki mezani, kwa betri na saketi ndogo, na tundu lake la ampea 10 lizibwe.

Aina ya betri ya mita ihesabiwe pia. Zinazotumia betri za AA au AAA hupata mbadala katika kila kioski. Betri ya volti 9 ni ghali na huisha mapema. Betri ikipungua, mita nyingi za bei ya chini huanza kusoma juu kuliko ukweli kabla alama ya betri haijaonekana. Fyuzi ikiungua, iwekwe yenye ukubwa, volti na uwezo wa kukata uleule ulioandikwa kwenye kijitabu. Mita iliyofungwa kipande cha waya au karatasi ya sigara mahali pa fyuzi isitumike tena hadi fyuzi sahihi irudishwe.